Mtindi, jua kali na dakika 31 za gitaa: Veneta, 1972



Nimekuwa kimya kama wiki mbili hivi, si mnajua tena mambo ya testi. Leo sina stori ya kafeteria wala ya bumu (halijatoka, msiniulize). Leo nawapeleka mbali kidogo: Marekani, jimbo la Oregon, Jumapili ya tarehe 27 Agosti 1972, kwenye uwanja wa nyasi zilizokauka, jua linachoma kinoma, na watu kama 20,000 wanaisikiliza bendi inayoitwa Grateful Dead.

Kwa nini huko? Kwanza, nimeitazama filamu ya siku ile mara tatu kwenye kompyuta ya mwenzangu wa chumbani, na mara zote tatu nikajikuta siangalii jukwaa. Naangalia watu. Pili, nyie mnaosoma Historia na mimi mnakumbuka ule ubishi wetu wa semina kuhusu vyanzo. Madesa yetu yote yanaandika historia ya muziki kama historia ya wanamuziki: fulani alizaliwa wapi, alianzisha bendi gani, alikufa lini. Mshabiki anatokea kwenye picha tu, kisogo mbele ya jukwaa. Mimi nasema kwa bendi hii mshabiki ndiye aliyeshika daftari. Bila yeye sehemu kubwa ya walichokipiga ingekuwa imepotelea hewani usiku uleule kilipopigwa.

Tuelewane kwanza. Wamarekani wana bendi wanazoziita za jamu. Siyo jamu ya kupaka kwenye mkate, wala siyo jamu ya Ubungo, ingawa na ile ya Ubungo kuna kitu kinafanana: ukishaingia hujui utatoka saa ngapi. Bendi ya jamu inaanza na wimbo unaojulikana, inaimba beti zake, halafu inaachia. Gitaa linaondoka, besi linalifuata, ngoma zinabadilika, na hakuna aliyepanga wataishia wapi. Ukitaka kuelewa haraka fikiria sebene, pale waimbaji wanapokaa pembeni na magitaa yanachukua nchi. Tofauti ni kwamba sebene linakuita ucheze, na mpigaji wake anajua anakokupeleka. Hawa jamaa walikuwa wanaingia porini bila ramani, na siku nyingine walipotea kweli. Hata wanaowapenda wanakiri kuna usiku wa Grateful Dead unaochosha hadi unatamani kulala. Lakini ndiyo bei yake. Kama leo ni lazima wapige vizuri, basi lazima wapige walichokipiga jana.

Bendi yenyewe ilianza mwaka 1965 kusini mwa San Francisco, wakati huo ikijiita The Warlocks. Jerry Garcia gitaa la solo, Bob Weir gitaa la rithimu, Phil Lesh besi, Bill Kreutzmann ngoma, na Ron McKernan, ambaye kila mtu alimwita Pigpen, kwenye kinanda na kuimba bluzi. Shule yao haikuwa studio. Ilikuwa karamu za mwandishi Ken Kesey, yule wa riwaya ya One Flew Over the Cuckoo's Nest ya mwaka 1962, yeye na genge lake la Merry Pranksters. Karamu hizo ziliitwa Acid Tests, na sitapamba: zilikuwa za kunywa LSD, dawa ambayo California iliipiga marufuku Oktoba 1966. Hiyo dawa iliharibu watu wengi na sina hamu ya kuisifia. Kinachonivutia ni kitu kingine. Kwenye zile karamu hapakuwa na mtazamaji. Bendi ilikuwa sehemu ya karamu kama taa na kelele zilivyokuwa sehemu yake. Ikijisikia inapiga, isipojisikia inaacha. Hakuna aliyekuwa amekuja kuwaona wao tu. Wakajifunza wakiwa vijana kabisa kwamba waliopo chini nao wana kazi.

Sasa tuje kwenye maziwa. Ndiyo, maziwa!

Ken Kesey alikuwa na mdogo wake, Chuck. Mwaka 1960 Chuck na mkewe Sue walianzisha kiwanda kidogo cha maziwa mjini Springfield, Oregon, kikaitwa Springfield Creamery. Kazi ya maziwa kule siyo mchezo. Makampuni makubwa yanauza kwa bei ya chini, mdogo anabanwa pande zote. Mwaka 1970 mhasibu wao, mama mmoja anaitwa Nancy Hamren, akaanza kutengeneza mtindi pale kiwandani, wakautia bakteria hai wa aina ya acidophilus. Kwa Marekani ya wakati ule hilo lilikuwa jambo geni, wakati bibi zetu huku na vibuyu vyao wangeshangaa ugeni uko wapi. Watu wakawa wanapiga simu kuuliza ule mtindi wa Nancy, jina likabaki hivyohivyo, Nancy's. Mtindi ulipendwa lakini madeni hayakuondoka. Ilipofika 1972 kiwanda kilikuwa kinakaribia kufa.

Chuck na Sue wakawaendea jamaa wa zamani wa kaka mtu. Wakawaomba Grateful Dead wapige onyesho moja la kuokoa kiwanda. Wakakubali.

Hebu ifikirie kidogo hiyo. Mwaka 1972 hii ilikuwa bendi inayojulikana nchi nzima. Majira ya kuchipua ya mwaka huohuo walikuwa wametoka kuzunguka Ulaya, wakarekodi kila usiku. Halafu wanakuja kupiga kwenye uwanja nje ya mji mdogo wa Veneta, kilomita kama 20 magharibi ya Eugene, kilipo Chuo Kikuu cha Oregon, kwa ajili ya lita za maziwa za mtu. Tiketi ziliuzwa dola 3 ukinunua mapema, dola 3 na nusu mlangoni. Na tiketi zenyewe zilichapwa kwenye karatasi ya lebo za mtindi! Yaani unaingia kwenye onyesho umeshika kitu ambacho kingeweza kuwa kimebandikwa kwenye kikopo dukani.

Basi siku ikafika, na jua likafika nalo. Joto lilipita nyuzi 38 za Selsiasi. Sisi wa Dar tunalijua joto, lakini letu lina unyevu na upepo wa bahari unakuja kukuonea huruma jioni. Lile lilikuwa joto kavu la uwanja wazi, vumbi, kivuli kiko huko kwenye miti ya pembeni, na ukienda kwenye kivuli unaiacha nafasi yako mbele. Mshabiki alipaswa kuchagua. Ukitazama filamu unawaona wamechagua. Wamekaa juani wamefunika vichwa kwa mashati, wanamwagiana maji, na wengi, eeh, wamevua kila kitu. Wazima, wake kwa waume, uchi wa mnyama, wanacheza kama hakuna mtu anawatazama. Nyuma ya jukwaa kuna jamaa kapanda juu ya nguzo, uchi vilevile, anatikisika huko juu dakika nyingi sana huku bendi inapiga chini yake. Mwenzangu wa chumbani kila akipita anauliza, "Huyo bado hajashuka tu?" Bado.

Kuna kosa moja la waandaaji ambalo mashabiki wanalisimulia mpaka leo. Jukwaa lilijengwa likitazama magharibi. Maana yake mchana wote na jioni yote wanamuziki walikuwa wanapiga jua likiwa machoni. Nyuzi za gitaa zikipata joto zinalegea, gitaa linapoteza sauti yake. Ndiyo maana kwenye rekodi unasikia mara kwa mara wanasimama kutyuni, huku wanatania. Mshereheshaji alikuwa Ken Babbs, mmoja wa wale Merry Pranksters, anaongea na watu kama MC wa harusi ya mtaani aliyezaliwa nao. Hakuna polisi wa kuonekana kwenye picha, hakuna uzio mbele ya jukwaa kama tunavyouona leo. Watoto wadogo wanapita katikati ya wacheza dansi, na mbwa pia.

Bendi siku hiyo haikuwa kamili ya 1965. Pigpen alikuwa mgonjwa, hakuwepo. Alifariki Machi 1973 akiwa na miaka 27. Kinanda kilikuwa kwa Keith Godchaux na mkewe Donna Jean alikuwa anaimba. Ngoma alibaki Kreutzmann peke yake, kwa sababu mpiga ngoma wa pili, Mickey Hart, alikuwa ameacha bendi tangu 1971 (alirudi baadaye). Wanaojua wanasema ndiyo maana rekodi za 1972 ni nyepesi hivyo: seti moja ya ngoma inageuka haraka, kama pikipiki kwenye foleni.

Wakapiga awamu tatu. Na kwenye awamu ya tatu, jua linashuka sasa, linapiga vyuma vya jukwaa rangi ya dhahabu, wakaanza Dark Star.

Hapa naomba nikae kidogo, maana hapa ndipo penyewe. Dark Star ilitoka kama santuri ndogo mwaka 1968. Ilikuwa na urefu wa dakika zisizofika 3. Haikuuza. Ingekuwa ya bendi nyingine tungekuwa tumeisahau. Lakini hawa walipokuwa wanaipiga mbele ya watu iliwafungukia kama mlango. Pale Veneta iliendelea dakika kama 31. Beti hazichukui hata dakika chache. Nyingine zote ni safari. Gitaa la Garcia linaanza polepole, besi la Lesh halimfuati, linambishia, kama wazee wawili wanaojuana wakibishana kibarazani. Kuna mahali ngoma zinabaki na besi tu. Kuna mahali muziki unakuwa kelele kabisa, unajiuliza kama mtambo umeharibika. Halafu kutoka kwenye kelele hiyohiyo, bila kusimama, wanatokea kwenye El Paso, wimbo wa Marty Robbins wa mwaka 1959 wa mchunga ng'ombe aliyeua mtu kwa wivu! Ni kama mtu akutoe kwenye sebene la nusu saa akutumbukize kwenye mashairi ya kughani. Halafu wakapunguza mwendo, wakaimba Sing Me Back Home ya Merle Haggard, wimbo wa mfungwa anayepelekwa kunyongwa. Watu waliokuwa wanaruka uchi mchana kutwa, sasa wamesimama kimya gizani likiwa linaingia.

Mshabiki alipata nini pale? Nimejiuliza hivyo sana. Hakupata wimbo anaoujua upigwe kama alivyouzoea redioni. Hakupata kiti wala kivuli. Alichopata ni kwamba kile alichokisikia hakijawahi kupigwa kabla na hakitapigwa tena. Bendi hii ilipiga maonyesho zaidi ya 2,300 kati ya 1965 na 1995 na haikuwa na orodha ya nyimbo inayojirudia kila usiku kama bendi nyingine za ziara. Kwa hiyo ukikosa leo, umekosa. Na ukija kesho, siyo kilekile. Ndiyo maana watu walianza kuifuata bendi mji hadi mji. Wakapewa jina, Deadheads. Wengine walikuwa wanauza chakula na fulana kwenye maegesho ya magari ili wapate mafuta ya kufika onyesho la kesho.

Na hapo ndipo daftari linapokuja. Kama kila usiku ni tofauti, basi kila usiku unadai mtu auandike.

Wakaanza kuandika. Kwanza kwa kalamu: tarehe, mahali, nyimbo kwa mpangilio. Halafu kwa kanda. Mtu anaingiza kinasa sauti kwa siri, maikrofoni kwenye mkono wa koti, betri kwenye soksi, anasimama saa nne bila kuongea wala kushangilia ili asiharibu rekodi. Jamani, hebu pata picha: uko kwenye onyesho la maisha yako na hupigi hata kofi! Huyo naye ni mshabiki, na kwa maoni yangu ndiye aliyejitolea kuliko yule wa kwenye nguzo.

Kanda zikaanza kuzunguka. Mwaka 1974 kukaanzishwa jarida, Relix, ambalo mwanzo wake ulikuwa ni kuwaunganisha wabadilishanaji kanda. Kanuni ilikuwa moja: hakuna kuuza. Unampa mtu kanda tupu na gharama ya posta, yeye anakutolea nakala. Ukiipata na wewe unamtolea mwingine. Ni madesa wadau, madesa matupu! Na ugonjwa wake ni uleule wa madesa. Mnalijua desa lililotolewa kopi ya kopi ya kopi, mpaka mwaka 1884 unausoma 1834 na Berlin inasomeka kama Bagamoyo. Kanda nayo ilikuwa hivyo. Nakala ya tano inavuma kama mvua kwenye bati, na gitaa liko huko nyuma ya mvua. Kwa hiyo kila kanda ilikuwa na ukoo wake, na mwenye nayo alikwambia hii ni ya kizazi cha ngapi. Watu hawa hawakusomea utunzaji wa nyaraka, lakini walikuwa wanaandika chanzo cha kila chanzo kuliko sisi kwenye insha zetu.

Bendi ilifanya nini? Kampuni nyingine ingewakamata. Hawa waliangalia pembeni, na Oktoba 1984, kwenye maonyesho yao ya Berkeley, wakawatengea wenye vinasa sehemu rasmi na tiketi zao. Msitu wa vyuma vya maikrofoni nyuma ya meza ya fundi mitambo. Garcia alikuwa na msimamo kwamba wao wakishamaliza kuupiga muziki, watu wanaweza kuuchukua. Kibiashara unaona ni wendawazimu: nani atanunua santuri kama kanda ni bure? Lakini kanda ndizo zilizoleta watu uwanjani, na uwanjani ndiko kulikokuwa na hela.

Nina mifano miwili inayonifurahisha kuliko yote. Wa kwanza ni Dick Latvala. Alikuwa shabiki tu mwenye kanda kibao na madaftari ya maoni yake kuhusu kila onyesho. Miaka ya 1980 bendi ikamchukua awe mtunza ghala la rekodi zao. Kuanzia 1993 zikatoka rekodi alizozichagua yeye, kwa jina lake, Dick's Picks. Shabiki kawaambia wanamuziki usiku gani walipiga vizuri, nao wakamsikiliza.

Wa pili ni Betty Cantor-Jackson, fundi wao wa sauti, mwanamke kwenye kazi iliyojaa wanaume. Kanda zake zilikuwa safi kuliko za mtu yeyote. Maisha yakambana, vitu vyake vilikuwa kwenye ghala la kupanga, kodi ikamshinda, na katikati ya miaka ya 1980 vikapigwa mnada. Mamia ya saa za muziki zikaenda kwa watu waliokuwa wananunua vitu vya ghalani tu! Mashabiki ndio waliozifuatilia, wakazisafisha zilizoanza kuoza, wakazinakili. Mojawapo ni ya tarehe 8 Mei 1977, ukumbi wa Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell. Mwaka 2012 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza kuiingiza kwenye orodha ya taifa ya rekodi za kuhifadhiwa milele. Onyesho la chuoni, wadau. Na kwa miaka mingi lilijulikana kwa njia ya nakala za kubadilishana kabla kampuni yoyote haijaliuza.

Nisitoke nje ya mada sana, lakini mtu wa huku hawezi kusoma haya asijikune kichwa. Za bendi zetu za dansi tunazosikia mpaka leo kwa wingi ni za studio ya Radio Tanzania, na tunashukuru, maana mafundi wale waliokoa mengi. Ila studio ni studio, wimbo una mwisho wake. Mbaraka Mwinshehe alikufa Januari 1979, Marijani Rajabu Machi 1995. Gitaa la Mbaraka lilikuwa linakwenda mpaka wapi saa saba usiku, ukumbi wa wazi, watu wamekataa kwenda nyumbani? Kama kwenu kuna mjomba mwenye boksi la kanda chini ya kitanda, tafadhali mzuie asirekodie mahubiri juu yake. Muulize kwanza ni ya mwaka gani, halafu iandike.

Turudi Marekani, maana stori haikuishia kwenye uzuri na ningekuwa mwongo kuikatia hapo.

Mwaka 1987 bendi ilipata kitu ambacho haikuwahi kukipata kwa miaka 22: wimbo uliovuma redioni, Touch of Grey, ukaingia kumi bora za Marekani. Kila mtu akataka kuja. Wale wa zamani walikuja na daftari. Wengi wa wapya walikuja kwa ajili ya maegesho, fujo na dawa. Mlipuko wenyewe ulitokea tarehe 2 Julai 1995, Deer Creek, uwanja wa wazi nje ya Indianapolis. Maelfu wasiokuwa na tiketi walivunja uzio na kuingia, na baadhi ya waliokuwa ndani wakawashangilia. Polisi wakatumia mabomu ya machozi. Usiku huohuo kulikuwa na tishio la kumuua Garcia, wakapiga taa zikiwa zimewashwa juu ya watu. Onyesho la kesho yake likafutwa. Bendi ikawaandikia mashabiki barua ya wazi, kali, kuwaambia kwamba kama hawataki ziara hizi zife basi wasio na tiketi wabaki nyumbani.

Ninavyoisoma mimi, hiyo barua ndiyo ushahidi mkubwa kuliko kanda zote. Huwezi kumwandikia mteja barua kama ile. Unamwandikia hivyo mtu wa nyumbani aliyevunja mlango. Kuna watu wanaandika kwamba uhuru ule wa 1972 ndio uliozaa fujo ya 1995, kwamba ukiacha uwanja bila uzio siku moja utajuta. Sikubaliani nao. Veneta hapakuwa na uzio mbele ya jukwaa, lakini mtu alikuja akijua kuna kiwanda cha kuokoa, ameshika lebo ya mtindi mkononi. Deer Creek walikuja watu ambao hawakudaiwa chochote na hawakujua kwamba wanadaiwa.

Onyesho la mwisho lilikuwa Chicago, uwanja wa Soldier Field, tarehe 9 Julai 1995. Mwezi mmoja baadaye kamili, tarehe 9 Agosti, Jerry Garcia akafariki, miaka 53, na jina la Grateful Dead likastaafishwa mwaka huohuo.

Kiwanda je? Kilipona! Agosti 1982 bendi ilirudi uwanja uleule wa Veneta kuadhimisha miaka kumi. Mtindi wa Nancy bado uko madukani Marekani zaidi ya miaka 50 tangu lile jua, na familia ya Kesey bado iko nao.

Na filamu? Ilipigwa na vijana wachache kwa mkanda wa milimita 16, ikaitwa Sunshine Daydream, halafu miaka ikapita bila kutoka rasmi. Ilizunguka kwa nakala za video, kizazi baada ya kizazi, rangi zimefifia, mpaka mwaka 2013 ilipooneshwa kwenye kumbi za sinema na kuuzwa pamoja na rekodi ya onyesho zima, imesafishwa. Miaka 41. Wale watoto wanaopita katikati ya wacheza dansi kwenye filamu, wakati huo walikuwa watu wazima wa arobaini na kitu, na sasa wangeweza kukaa kwenye kiti cha sinema, kwenye kivuli, wakajiona.

Mwenye flashi ya kutosha aje chumbani Jumamosi jioni nimkopie, aje na chaja yake. Hakuna kuuza.